Walivyogawana Sauti ya Baba

Taa ilikuwa inawaka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kama kitu kimekufa, kife kabisa, tujue moja. Lakini lile sanduku liliwasha taa yake ya kijani, feni yake ikavuma vizuri kabisa, na kwenye kompyuta yangu hakuna kitu. Nachomeka kable, nachomoa kable, nabadilisha kable, nazima, nasubiri, nawasha tena. Kompyuta inanijibu palepale: haipatikani. Nikatukana. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mapajani, na matusi yale aliyasikia yote.

"Bado?" akauliza.

"Bado, mama."

"Bon. Niko nangojea."

Alikuwa anangojea hivyo kwa karibu mwaka mzima, na ndiyo maana nilikuwa natukana.

Sanduku lenyewe ni seva ndogo ya kuhifadhia mafaili, si kubwa kuliko redio ya zamani. Nililinunua la okazio, yaani lililokwisha kutumika, kutoka biro moja ya mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, ofisi iliyokuwa inafunga na kuuza hadi mapazia yake. Mimi kazi yangu ni kutunza kompyuta za kampuni ya malori, na mtu wa kazi yangu akiona kitu kama kile kinatupwa hawezi kulala. Nikalipeleka nyumbani kwa wazazi, nikaliweka salon, pale sebuleni, chini ya televisheni, kwa sababu kwao umeme haukatiki sana kama kwangu. Nikawaambia ndugu zangu wote: picha zenu, ubatizo wenu, harusi zenu, leteni, zitakaa humu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Halafu nikamrekodi baba. Baba alikuwa dereva wa gari-moshi, mtoto wa mtu wa reli, wa watu waliotoka kaskazini, kule Kongolo, wakashuka na njia ya chuma mpaka huku kwenye migodi. Alikuwa ameanza kuchoka kifua. Jumapili tatu, baada ya misa, nilikaa naye na simu yangu mkononi. Jumapili ya kwanza alisema majina ya wakubwa wetu, mmoja baada ya mwingine. Ya pili alisimulia reli. Ya tatu alimtazama mama akasema, "Mama ya batoto, utoke kwanza. Leo nasema ju yako."

Mama akacheka. "Sasa maneno yangu, mimi nitoke?"

"Utasikia siku sitakuwa hapa. Toka."

Mama akatoka, akaenda jikoni kugeuza bukari, ugali wetu. Baba akasema karibu robo saa. Jioni ile nikahamisha yote kwenye sanduku na kufuta simu, kwani simu ilikuwa imejaa, na sanduku lipo la nini?

Baba alikufa mvua zilipoanza. Mama sasa macho yake yamefifia, picha anazishika tu mkononi na kuuliza ni nani. Picha hazimsaidii tena. Alichokuwa anataka ni ile robo saa. Wiki ya kwanza baada ya mazishi aliniambia, "Wewe ulikuwa mule. Niambie tu." Nikamjibu, "Mama, baba alisema usikie kwa sauti yake." Akakubali. Alifikiri namheshimu baba.

Lakini wakati huo sanduku halikuwapo tena nyumbani. Lilikuwa limekwenda na kilio.

Kwetu, siku ya kumaliza kilio, ndugu wa marehemu upande wa baba yake wanaketi kwenye mkeka na vitu vinatolewa nje, kimoja kimoja. Kilichokutwa ndani ya nyumba ya marehemu ni cha marehemu. Haijalishi nani alikinunua. Kama kilikuwa chini ya televisheni yake, ni chake. Na mtoto wa marehemu anakaa kimya. Mtoto atakayenyanyua kidole siku ile aseme "hicho ni changu," wakubwa watamgeukia wote pamoja na kumtazama, na swali litakuwa moja: alikuwa anangoja kifo hiki tangu lini? Watu wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya friji. Kwa hiyo niliona sanduku langu likitolewa, na kable zake, na modemu, na nikatazama miguu yangu. Nilikuwa najua kabisa mule ndani kuna nini. Nikatazama miguu yangu tu, mwanaume mzima.

Misa ya mwaka ilipokaribia, mama akaanza kuuliza kila siku. Ndipo nikaenda Kampemba kwa baba mdogo, mdogo wake baba aliyemfuata, kumwomba anirudishie sanduku. Nilijiandaa kwa vita. Wapi! Alilitoa chini ya kitanda mwenyewe.

"Twaa," akasema. "Haitumike. Nilichomeka ku televizio, ikakatala."

"Baba mudogo, hii haichomekwi ku televizio."

"Basi walipashwa kuandika juu."

Ndivyo lilivyorudi nyumbani, na ndivyo nilivyokuja kukaa sakafuni, taa inawaka, mama nyuma yangu, na hakuna kitu.

Siku ya kwanza niliishia hapo. Nyuma ya sanduku kuna kitundu cha kuingiza sindano; ukibonyeza, linasahau mipangilio yake yote na kuanza upya. Watu wa mtandaoni wanaapa kwamba halifuti mafaili. Sikuwaamini; nikaisogeza sindano kwenye kitundu, nikaiondoa, nikaisogeza tena. Mama akauliza kama natafuta kumdunga nani. Nikairudisha kwenye kikopo cha nyuzi zake.

Siku ya pili nikatumia kichwa. Kila mashine kwenye mtandao ina anwani yake, safu ya namba, na ili mbili zisikilizane lazima ziwe za mtaa mmoja. Watu wa biro ya Golf walikuwa wameliwekea sanduku anwani isiyobadilika, na mimi, siku ile ya fahari, badala ya kuiondoa, niliipanga modemu ya nyumbani iifuate. Uvivu wa fundi. Modemu ile nayo ilichukuliwa kwenye mkeka, akapewa binamu mmoja, na modemu mpya niliyomletea mama ilikuwa na namba za mtaa mwingine kabisa. Kwa hiyo sanduku lilikuwa linaongea, maskini, tangu jana linaongea, na hakuna aliyekuwa upande wa kusikia. Ilibaki kujua namba yenyewe ilikuwa ipi. Nikapekua madaftari yangu yote kazini, nikawasumbua watu, nikajilaumu, mpaka nilipoligeuza sanduku lifutwe vumbi: chini yake, kwenye karatasi ya gundi iliyochakaa, mtu wa Golf alikuwa ameandika anwani kwa kalamu. Nilikuwa nimeiangalia ile karatasi mara ngapi!

Nikaiandikia kompyuta yangu namba ya mtaa ule kwa mkono. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukaomba neno la siri.

"Mama! Limekubali!"

"Asante Bikira Maria!" Alisimama, akashika ukuta. "Ngoja. Ngoja kwanza, usifungue. Niende nivae."

"Uvae nini? Ni sauti tu."

"We nyamaza. Siwezi kumusikiliza na hii nguo ya jikoni."

Akaingia chumbani. Nilimsikia akifungua kabati, akipapasa vitambaa vyake. Mimi nikaandika neno la siri, nikiwa nacheka peke yangu kama mjinga, na sanduku likanipa jibu lake kwa herufi nyekundu: diski ya pili haipo, hifadhi haiwezi kufunguka.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikavuta vile vidroo viwili vya mbele vinavyobeba diski. Cha kwanza kilitoka na diski yake. Cha pili kilitoka chepesi, ndani hamna kitu, vumbi tu. Mama akatokea mlangoni na kitenge chake cha misa ya Pasaka, kilemba kimefungwa vizuri.

"Weka," akasema.

Nikamwambia kuna kitu kidogo kimebaki, nitarudi nacho kesho. Akaketi hivyohivyo alivyovaa, akakaa hivyo mpaka chakula.

Baba mdogo nilimpigia simu nikiwa bado uani.

"Diski ya pili iko wapi?"

"Diski gani?"

"Ndani ya sanduku mulikuwa diski mbili!"

"Ah, ile! Iko na shangazi yako, ku Kasumbalesa. Tuligawanya. Shi ulikuwa pale?"

Nilikuwapo, lakini nilikuwa natazama miguu yangu. "Muligawanya namna gani kitu kama kile? Ile si mukate, baba mudogo!"

"Mukate tunagawanya, na sauti ya yaya, mukubwa wangu, njo tusigawanye?" Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Sauti yake iko mule, wewe mwenyewe njo ulituambia. Diski iko mbili, mi niko upande huu, dada yake iko upande ule. Kama sauti inabakia kwa muntu umoja, ule mwingine atalia na nini? Tulitwaa kila muntu yake. Paka vile, vile tu. Kosa iko wapi?"

Nikamkatia simu. Mdogo wa baba yangu, nikamkatia simu usoni, na nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwamba kosa haliko kwake.

Maana sanduku lile, siku unapoliandaa, linakuuliza swali moja. Unataka diski zote mbili ziandike kitu kilekile, ili moja ikiharibika nyingine iwe na kila kitu? Au unataka ziungane ziwe diski moja kubwa, kila faili likatwe vipande, kipande huku, kipande kule, upate nafasi mara mbili? Fundi yeyote anajua la kujibu kama vitu ni vya thamani. Mimi nilijibu nafasi. Nilitaka kuwaambia watu wa kazini sanduku langu linabeba kiasi gani. Kama ningechagua lile la kwanza, baba mdogo angekuwa na sauti nzima Kampemba, shangazi angekuwa na sauti nzima Kasumbalesa, na ule mgawanyo wao wa mkekani, ule niliokuwa nauita ushenzi moyoni, ungekuwa ndiyo akili kubwa kuliko zote. Walio na elimu ya darasa la sita waligawa vizuri. Mwenye diploma ndiye aliyemkata baba vipande.

Lakini diski mbili zikirudi pamoja, kila kitu kinarudi. Hilo nililishikilia. Asubuhi nikapanda gari kwenda Kasumbalesa, sanduku magotini.

Shangazi anauza unga na vitenge karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni mpaka usahau yanangoja nini. Njiani kote nilikuwa napanga maneno ya kumfokea. Nilikuwa nimeyapanga mazuri. Aliponiona alipiga magoti kidogo, kama anavyofanya siku zote, kwa sababu kwake mimi ni sura ya kaka yake.

"Baba yangu amefika! Ulikula?"

"Nimekuja kutafuta diski, shangazi."

"Iko. Iko muzuri kabisa." Akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Kitenge juu, ndani taulo, ndani ya taulo mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko diski, na rozari imezungushwa juu yake. Hakuna mtu Katanga nzima aliyewahi kuitunza diski namna ile. Maneno yangu mazuri yakaanza kupungua.

"Hamukuichomeka mahali?"

"Nilipelekea fundi moja wa telefone. Nilitaka nimusikie yaya. Ule fundi alisema machine yake haisome, inaomba ruhusa kuitengeneza. Nikamwambia, basi itengeneze, kwani we ni fundi ya nini?"

Nikakaa chini kwenye gunia la unga.

"Akaitengeneza," shangazi akasema. "Akasema mule haina kintu, iko vide. Mi nikajua anadanganya, sauti ya yaya iko mule. Akaniwekea nyimbo ya misa, nyingi, mpaka ikajaa. Ninasikilizaka yote. Moja, ingine, moja, ingine. Nasema labda kati ya nyimbo mbili, yaya atasema."

Malori yalikuwa yananguruma nje. Alinitazama, akaona uso wangu. "Niliaribu?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ni kweli kabisa, kwa maana ya fundi: walipoitengeneza waliifuta, na walipoijaza nyimbo waliifukia. Lakini hasira ile niliyoileta kutoka Lubumbashi ilikuwa imegeuka pale kwenye gunia na sasa ilinitazama mimi.

"Hapana, shangazi. Niliharibu mimi zamani."

Hakuelewa. Akanifungia samaki wakavu nimpelekee mama, akanipa na diski, na rozari yake hakuiondoa.

Kwa juma zima nilijaribu kila programu ya kufufua mafaili ninayoijua, kazini, saa za chakula, mlango umefungwa. Nilipata majina ya mafaili. Nilipata hata jina nililoliandika mwenyewe, "Baba, Jumapili ya tatu." Ukilibonyeza halifunguki. Nililibonyeza mara nyingi kuliko anavyopaswa kufanya mtu mwenye akili timamu. Mkubwa wangu wa kazi akauliza kama kuna tatizo na malori. Nikamwambia malori ni mazima.

Nilimwambia mama siku tatu kabla ya misa ya mwaka. Alikuwa uani, ungo wa maharagwe magotini, anatafuta mawe kwa ncha za vidole. Nilimweleza yote: anwani, diski mbili, swali nililojibu vibaya, nyimbo za shangazi. Nilisema kosa ni langu. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga.

"Mashini ni mashini," akasema. "Zinakufaka. Sasa yeye alisema nisikie kwa sauti yake, na sauti haiko tena. Kwa hiyo ulishafunguliwa mudomo. Wewe ulikuwa mule. Sema. Alisema nini ju yangu?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika mwaka mzima. Si diski. Hapo.

Jumapili ile ya tatu jirani alikuwa amewasha groupe yake, jenereta kongwe linalopiga makelele kama mtu anapasua mbao. Nilikuwa nimeshika simu karibu na kifua cha baba na macho yangu yalikuwa kwenye ile mistari ya sauti inayopanda na kushuka kwenye kioo. Ikipanda nyekundu naisogeza nyuma, ikishuka naisogeza mbele. Niliweka mto. Niliondoa mto. Nilifunga dirisha. Nilimwona baba anacheka, nikaona mistari inaruka, nikaogopa sauti itakwaruza. Nilimwona ananyamaza, anavua miwani, anaifuta kwa shati, na nikafurahi kwa sababu mistari ilitulia. Nilijiambia nitasikiliza baadaye, taratibu, siku nikiwa na nafasi. Kulikuwa na sanduku la kunisikilizia. Na baadaye hiyo sikuipata hata siku moja, na baba alikuwa hai miezi mingine minne, hatua ishirini kutoka kwenye ile televisheni.

Mama alikuwa anangoja. Nikasema, "Alisema ulikuwa mke mwema. Ulimvumilia katika shida zote. Alimshukuru Mungu kwa kumpa wewe."

Vidole vyake vikasimama.

"Ile ni maneno ya padri," akasema. "Baba yako hakunisemaka vile ata siku moja. Sema vile alisema."

"Mama..."

"Sema."

"Sikusikiliza, mama."

"Ulikuwa mule."

"Nilikuwa mule. Nilikuwa naangalia simu isiharibike. Sikusikiliza."

"Ata kidogo?"

"Alicheka."

"Alicheka, nilisikia mie mwenyewe kule jikoni. Nauliza maneno."

"Hata moja, mama. Sina hata moja."

Alitafuta jiwe kwenye maharagwe, akalipata, akalitupa. Akatafuta lingine. Nilitaka kushika mkono wake, nikaogopa angeuondoa.

"Tulizala batoto saba," akasema, bila kuinua kichwa. "Na njo wewe alichagua."